Vidoa Vyekundu vya Bibi Harusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka moyo hunidunda kama wa msichana aliyeitwa mbele ya darasa, na mimi sasa ni nyanya wa wajukuu watatu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Jua lilikuwa limejaa wodini, mashuka yanameremeta kwa weupe, na mimi nimesimama kando ya kitanda cha bibi harusi nikicheka. Nilikuwa nikicheka, wallahi, kwa sababu daktari alikuwa ameniuliza swali ambalo kwangu lilikuwa jepesi mno. Jibu nililompa lilikaribia kumpoteza msichana wa watu.

Umeniambia kuwa mwezi ujao unaanza kazi ya uuguzi katika wodi ya mifupa. Nimefurahi hata nimeshindwa kumaliza chai yangu. Basi kaa nikupe zawadi. Sina saa ya dhahabu ya kukuvisha mkononi, ila nina kosa langu moja, na kosa la mzee likisimuliwa kwa ukweli huenda likakufaa kuliko saa.

Siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilizaliwa Kibokoni, Mombasa, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambako ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani wa ng'ambo kikombe cha kahawa mkononi. Kila harusi ya mtaa niliijua, tangu posa mpaka fungate. Hospitali niliyofanya kazi ilikuwa na madaktari wengi wa bara, vijana waliosoma wakasomeka, lakini mambo yetu ya pwani yaliwatatiza. Mgonjwa akikataa dawa, waliniita mimi. Mama akija na kikombe cha zafarani na chetezo cha ubani, waliniita mimi. Nami niliitika kwa madaha! Nilijiona mkalimani wa kisiwa kizima. Mwanangu, sifa ni pombe ya mtu asiyekunywa. Hulewa bila kujua amekunywa nini.

Munira aliletwa Jumapili adhuhuri. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, maji ya kunde, mcheshi, na harusi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Unaijua mila yetu: mwari hatoki. Hukaa ndani akasingwa kwa singo na kupakwa liwa, ngozi ing'ae, macho ya watu yasimwone mpaka siku yake ifike. Munira alichoka kukaa ndani. Alijitanda buibui la nyanyake, akateremka kwa ngazi za nyuma, akaenda kwa fundi cherehani kutazama nguo yake ya harusi. Wakati wa kurudi, akivuka barabara karibu na Majengo, mawazo yote bado yako kwenye nguo, pikapu ya mboga ikamgonga. Paja la kulia likavunjika katikati, na huo ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Kichwa hakikuguswa. Yeye mwenyewe alitusimulia yote, hata rangi ya pikapu.

"Sista Mwanaisha," aliniuliza jioni ile, mguu ukiwa umefungwa na kuvutwa kwa uzito, "mpaka Ijumaa si nitaweza kusimama hata kidogo? Nisimame tu wanipige picha."

"Utapigwa picha umelala, kama malkia."

"Malkia gani analala na jiwe limening'inia mguuni?"

Tulicheka sote, hata mamake, Bi Rukia, aliyekuwa akilia tangu mchana. Jumatatu ilipita salama. Daktari wa mifupa alisema Alhamisi atampasua mguu, aweke chuma ndani. Harusi iliahirishwa, Munira akanuna kidogo, kisha akala wali wake wote.

Jumanne nilipoingia zamu ya asubuhi, sikumkuta Munira niliyemwacha.

Macho yalikuwa wazi lakini hayakunishika. Vidole vyake vilikuwa vikichomoachomoa nyuzi za shuka kama mtu anayechagua mchele. Alimtazama mamake akamwambia, "Mwalimu, nimesahau daftari." Kisha akageukia ukutani. Alikuwa akipumua harakaharaka, na mwili wake ulikuwa na joto.

"Ni haya hiyo," Bi Rukia alininong'oneza. "Jana mavyaa wake, mamake bwana harusi, alikuja akamsema. Alimwambia, tangu nizaliwe sijaona mwari wa kutoroka. Basi tangu hapo ndivyo alivyo. Yuwajifanya huyu, mwanangu. Yuwaona haya tu."

Niliamini nusu. Nikachukua kile kibanio kinachobana kidole kupima oksijeni iliyo kwenye damu, nikambana. Namba ikaja chini. Chini sana. Nikatazama kidole: ukucha wote ulikuwa mweusi kwa piko, ile rangi ya maharusi. Nami, kwa kuwa nilijua kila kitu, nilijua kuwa taa ya kibanio haipiti vizuri kwenye piko. "Ni rangi tu hiyo," nikajisemea, nikakiondoa nikakiweka mezani. Ile namba sikuiandika popote.

Tena hapo akaja Daktari Mutua. Alikuwa kijana mrefu wa Ukambani, huo ndio mwaka wake wa kwanza Mombasa, mtaratibu, mwenye kusikiliza. Alimwuliza Munira jina lake, siku, na mahali alipo. Hakupata jibu hata moja. Akateremsha shuka begani ili asikilize mapafu, mkono ukasita. Shingoni, juu ya kifua na kwenye mkunjo wa kwapa kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo sana, kama mtu aliyenyunyiziwa unga wa pilipili.

"Sista," akasema, "hivi vidoa ni vya nini?"

Hapo ndipo nilipocheka.

"Daktari, hayo ni mambo ya harusi zetu. Bibi harusi hutolewa vinyweleo kwa sukari iliyochemshwa na ndimu. Hupakwa, hunata, huvutwa, na ngozi hukasirika. Ukioa kwetu utayajua."

Wauguzi wenzangu wakaangua kicheko. Daktari Mutua aliona haya, akalifunika lile bega upesi kama mtu aliyefungua kwa bahati mbaya mlango wa chumba cha watu. Hakuuliza tena. Angeuliza nini? Mwenyeji alikuwa ameshasema.

Akabaki na hofu ya damu iliyovujia ndani ya kichwa. Tukampeleka Munira kwenye skani ya CT. Picha ikarudi safi, hamna damu, hamna ufa. Akapimwa malaria, hamna. Daktari akakisia kuwa labda ni dawa kali ya maumivu, akaipunguza. Sote tukashusha pumzi, na mimi nilishusha kubwa kuliko wote. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mwiba niliuona kwa macho yangu, nikautafutia jina la ua.

Saa nane, wakati wa kutazama wagonjwa, akaingia Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa somo wa Munira, yaani yule mwanamke mtu mzima anayemlea mwari, akamsinga, akampamba na kumfunza. Nusu ya maharusi wa Mji wa Kale walipita mikononi mwake. Alikuwa mfupi, mnene, na alipotembea bangili zake zilimtangulia kwa sauti. Alisalimia wodi nzima kitanda kwa kitanda, "Hamjambo wanangu, mwaonaje hali?" mpaka akafika kwetu. Akamtazama Munira. Akatoa kitambaa kikapuni, akakitia mafuta ya nazi, akaanza kumpangusa mabaki ya liwa shingoni, taratibu, kama anayefuta maandishi ya thamani.

Mkono wake ukasimama.

"Vidoa hivi vimetoka wapi?"

"Si ni sukari yako, Bi Zuhura," nikasema, bado natabasamu.

Akanyooka. Tabasamu langu likaniganda usoni.

"Sukari yangu? Mwanaisha, sukari yangu imefika wapi kwenye mwili wa mwana huyu? Niulize."

Nikajifanya nanyoosha shuka.

"Niulize nikwambie! Nalimfanya miguu na mikono, siku ya Ijumaa. Basi. Makwapa nalisema n'tayafanya kesho Jumatano, maana ngozi yake laini, yataka kupumzishwa. Shingo sikuigusa. Kifua ndiyo kabisa. Kwani huyu ni dume, ana nywele za kifuani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo.

"Labda ni joto basi," nikajitetea. "Au singo imemchoma."

"Ndoo hapa, sogea. Nipe hiyo bilauri."

Aliimwaga maji, akaigandamiza ile bilauri ya kioo kwenye shingo ya Munira, akanivuta nitazame kupitia kiooni. Ngozi iliyobanwa ilibadilika ikawa nyeupe nyeupe. Vidoa vilibaki vilevile, vyekundu, kimoja kimoja, vinanitazama.

"Kipele cha sukari ukikibonyeza hukimbia," akasema. "Ukiachia, hurudi. Hiyo ni ngozi imekasirika tu, kesho yake hutulia. Hivi havikimbii. Hii ni damu imetoka mahali pake ikakaa nje. Mimi si daktari, lakini ngozi za wana wa watu nimezishika tangu mamako hajakuzaa. Na hicho kidude cha kupimia mbona kimelala mezani?"

"Hakisomi sawa. Ana piko kwenye kucha."

"Piko nimempaka vidoleni. Masikioni nimempaka?"

Mwanangu! Tulikuwa na kibanio cha sikio kwenye droo ya wodi, kimekaa humo miezi, hakuna anayekikumbuka. Nilikimbia nikakitoa, nikakibana kwenye ndewe ya sikio lake, sikio safi lisilo na rangi yoyote. Namba ikaja chini kuliko ya asubuhi.

Haikuwa rangi. Msichana alikuwa anakosa hewa mbele ya macho yangu, na mimi tangu saa tatu nilikuwa nikimpa maelezo badala ya oksijeni.

Nikamvika barakoa ya hewa. Bi Zuhura hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningeona nafuu. Alinisogelea, akanishika kidevu kama mtoto, akasema polepole:

"Umeusemea mkono wangu, Mwanaisha, na mkono wangu u hai. Nyumba yangu ni hapo Ndia Kuu, simu ninayo. Kwa nini hukuuliza? Wewe wazijua harusi, sikatai. Harusi hii hukuijua."

Nilimwachia kitanda, nikatoka mbio. Tulifundishwa kuwa muuguzi hakimbii wodini ila kwa moto au damu. Nilikimbia. Daktari Mutua alikuwa kwenye chumba cha chai na mahamri mkononi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: namba niliyoiona nikaiacha, makwapa ambayo hayakuguswa, bilauri, sikio.

"Nilikupotosha, daktari," nikasema. "Uliniuliza, nikakujibu kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nilingoja anikaripie. Badala yake alinitazama, halafu akaacha kunitazama, macho yake yakaenda mahali pengine kabisa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, na kila kidole kilichokunjwa sauti yake ilipanda.

"Mfupa mrefu umevunjika. Siku ya pili, kuelekea ya tatu. Pumzi imebadilika. Fahamu imebadilika. Na vidoa, sista, vidoa! Shingoni na makwapani!" Akaliweka lile hamri chini kama kitu kinachoweza kulipuka. "Ni mafuta! Mafuta ya uboho!"

Tukakimbia wawili. Akamfunua Munira ukope wa chini kwa kidole gumba, akaita, "Hapa pia! Njoo uone, hapa pia!" Na kweli, ndani ya ukope, kwenye ule wekundu wa majimaji, kulikuwa na vidoa viwili vitatu vya damu. Nakuambia, mwanangu, katika kazi hii utapata siku chache sana ambazo mambo matano yaliyokuwa yamesimama mbalimbali yanashikana mikono mbele ya macho yako. Moyo huruka. Ni furaha ya ajabu, na hofu huingia nayo kwa mlango huohuo.

Bi Rukia alikuwa amesimama pembeni, kanga imemlegea. Daktari akamgeukia, akamweleza kwa Kiswahili chake cha bara, kwa heshima.

"Mama, ndani ya mfupa huu mkubwa mna uboho, na uboho una mafuta. Mfupa ukivunjika, matone ya mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa ya damu."

"Kama mafuta yanavyojitenga juu ya mchuzi wa nazi," Bi Zuhura akadakia.

"Hasa hivyo, mama. Matone madogomadogo. Yanakwenda mapafuni kwanza, yanaziba vijishipa vyembamba kama uzi. Mengine yanapenya, yanafika kwenye ubongo."

"Na haya aliyokuwa akiyasema, ya mwalimu na daftari?" Bi Rukia akauliza.

"Ni ubongo uliokosa hewa, mama. Hajifanyi."

Bi Rukia akakaa chini sakafuni. "Atarudi mwanangu?"

Daktari Mutua hakumdanganya, na kwa hilo nampenda mpaka leo. "Wengi hurudi. Si wote. Hakuna dawa ya kuyayeyusha haya mafuta. Kazi yetu ni kumpa hewa, kumlinda, na kuhakikisha mfupa hauchezi ukatoa mengine. Mwili wenyewe ndio utasafisha, tukiupa nafasi."

Ila alitaka uhakika. Skani ya CT ilikuwa haikuonyesha kitu, na alisema madhara haya mara nyingi huwa madogo mno kwa CT. Yanahitaji MRI, mashine ya sumaku, na hiyo ilikuwa hospitali nyingine, upande wa pili wa kisiwa. Ilibidi tumwondolee kila chuma. Mguu ukatolewa kwenye uzito, ukafungwa kwa banzi la mbao. Bi Zuhura akamvua bangili, herini na kipini, akachomoa na vile vibanio vya nywele, akinung'unika, "Mimi ndiye niliyevitia, na mimi ndiye navitoa." Daktari akatazama kila kimoja kama mlinzi wa forodha.

Ambulensi ilikata Makadara ikapita Buxton king'ora kikilia, watu wakijibanza kando. Mimi nimeshika mtungi wa oksijeni, Daktari Mutua ameshika mapigo ya mkono, na Bi Zuhura, ambaye hakuna aliyempa ruhusa ya kupanda wala aliyethubutu kumteremsha, amekishika kichwa cha Munira akimsomea dua. Njiani Munira aliacha hata yale maneno yake ya daftari. Nilimwita, hakugeuka. Macho yalikuwa wazi kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Mashine ile ilipiga kelele kama mafundi kumi wanaogonga mabati. Tulingoja nyuma ya kioo. Kisha picha ya ubongo ikaanza kutokea kwenye kompyuta, kipande baada ya kipande. Katikati ya ile rangi ya kijivu kulikuwa na vidoa vyeupe vinavyong'aa. Vingi. Huku na huku, pande zote mbili, vidogovidogo, kama anga la usiku usio na mwezi.

Daktari Mutua alinishika mkono akaubana hadi ukauma. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo yenyewe hii."

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. "Hivyo vyeupe ni nini, mwanangu?"

"Ndivyo vidoa vyako, mama," akamjibu. "Ulivyoviona shingoni, viko na ndani."

Nilitaka kushangilia na nilitaka kulia. Tulikuwa tumemjua adui kwa jina na sura, na adui alikuwa ameshaingia chumbani. Jioni ileile niliketi nikaandika kwenye faili, kwa mkono wangu, namba niliyoiona asubuhi na saa niliyoiona, na kwamba vidoa nilivieleza bila kuuliza. Nikampelekea muuguzi mkuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa, mwanangu, hulirudia. Daktari Mutua alipoisoma akanong'ona, "Andika na langu. Jicho langu liliona, nikalifunika kwa haya."

Jumatano Munira alizidiwa. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikamsaidia kupumua. Pumzi ilipotulia kidogo, daktari wa mifupa akaufunga ule mfupa barabara ili usicheze tena. Ijumaa, siku iliyokuwa yake, mavyaa alikuja akakaa kwenye benchi la nje, peke yake, kitambaa mdomoni. Nilipopita akanivuta vazi.

"Sista, niambie kweli. Ni maneno yangu yaliyomfanya hivi? Nalimsema vibaya."

"Si maneno yako," nikamwambia. "Ni mafuta ya mfupa. Tumeyaona kwa picha."

Yule mama alilia kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Siku hiyo ndipo nilipojifunza kuwa kuupa ugonjwa jina lake la kweli si kazi ya mgonjwa peke yake. Nyumba mbili zilikuwa tayari zimeanza kutafutana lawama, huyu amsema mwanawe kwa kutoroka, huyu ajisema kwa ulimi wake, na jina moja la kweli likawatua wote.

Siku zikapita. Mashine ya pumzi iliondolewa. Munira alifungua macho lakini hakuwa nyuma yake. Kila asubuhi, kabla ya zamu yangu, nilipita kumchana nywele, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kumfanyia. Jumanne ya wiki ya pili nilikuwa nimemaliza mabutu mawili na ninafunga la tatu, mara nikasikia sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, kutoka chini ya mikono yangu.

"Waniumiza."

Nikaliachia lile butu.

"Nani amenisuka mabutu?" sauti ikaendelea. "Mimi mtoto wa chekechea?"

Nilipiga ukelele ambao hospitali nzima iliusikia! Bi Rukia akaja mbio na kiatu kimoja. Daktari Mutua akaja, akajitia utulivu, akamwuliza jina lake. Akalitaja, na la babake, na la babu yake. Akamwuliza leo siku gani.

"Jumanne," akasema. Kisha akatutazama, mmoja mmoja, akiwa na wasiwasi. "Kwani mbona mwalia? Si Jumanne?"

Haikuwa mwisho wa safari. Kwa miezi alisahau majina, alichoka upesi, alikasirika kwa jambo dogo. Lakini alirudi. Kadhi alipotaka kusikia ridhaa yake kwa masikio yake mwenyewe, aliitoa yeye, kwa akili yake, amesimama kwa magongo. Harusi ile Bi Zuhura alinituma kila kazi ya jikoni, mpaka kukuna nazi. Nilizikuna zote.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ichukue uende nayo. Mtu aliyevunjika mfupa mrefu, akiwa mzima wa akili siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kupotewa na maneno au kuhema, usiseme ni uchungu, usiseme ni haya, wala usiseme ni shetani wala ni dawa, mpaka umemfunua shingo, makwapa na kope mahali penye mwanga, na umepima hewa yake mahali pasipo rangi. Picha safi ya kwanza isikulaze usingizi. Na ukiona dalili tatu, usizitafutie sababu tatu; zikalishe pamoja kwanza uzisikie zinasema nini. Mimi kila moja niliipa kiti chake mbali na mwenzake, ndiyo maana hazikuongea.

Na zaidi ya hayo: utakuwa mwenyeji mahali fulani, watu watakuuliza, na majibu yatakujia mdomoni kabla swali halijaisha. Hapo ndipo uogope. Kikulacho ki nguoni mwako, na ujuzi wetu wa nyumbani ndiyo nguo tunayoivaa karibu zaidi. Usiusemee mkono wa mtu ambaye yu hai na anaweza kuulizwa. Mgeni akiuliza swali la kijinga, mshukuru, kisha nenda ukaulize nawe. Na ukikosea, andika. Wino wa aibu hukauka upesi, damu haikauki.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe jicho lisiloona haya palipo na ugonjwa, na ulimi unaoona haya kujibu kabla ya kuuliza. Akuepushe na sifa zinazolevya. Kila utakayemgusa ainuke akulalamikie, akwambie unamwumiza, akuulize nani kakufundisha kazi, nawe ucheke kwa furaha kwa kuwa yu hai wa kulalamika. Na siku utakayojiona unajua yote, Mola akuletee mtu mzima mmoja mwenye mdomo mkali, afike mapema. Amina.